Mpaka Uunge

Fundi cherehani alikuwa anapandisha pindo la sketi ya shule, mguu wake mbovu ameuegesha juu ya ndoo iliyopinduliwa, pale Nyundo alipobisha hodi kuja kuulizia chuma chake. Alikuja wakati ule ule wa siku zote, jua likishagusa paa la jirani, na alikuja vile vile anavyokuja, kwa makalio, akijivuta kwa mikono na paja la kulia likimfuata nyuma kama kamba ya ndoo.

"Karibu, kaka," fundi akasema bila kuinua macho, maana alikuwa anatunga uzi kwenye sindano.

Nyundo akakaa kizingitini, akapangusa vumbi kwenye suti. Ndiyo suti aliyozikwa nayo. Ilikuwa ya kuazima, ya shemeji yake, na huyo shemeji mpaka leo analalamika kila penye watu kwamba yeye alitoa koti tu, suruali walijichukulia wenyewe.

"Umeunga?" akauliza.

"Bado. Picha ya juzi wanasema bado kuna ufa."

"Haya. Nitangoja."

Basi wakakaa. Mmoja anashona, mwingine anangoja, na jirani akapita na beseni lake la nguo akawasalimu wote wawili.

Mambo haya yalianza na ukuta. Ukuta wa choo cha soko ulikuwa umeinama muda mrefu, kila mtu anauona, na kila mtu akienda chooni anapita upande wa pili. Siku moja fundi alikuwa na haraka, akapita upande huo huo wa ukuta. Ukamlalia pajani. Alipofikishwa hospitali daktari wa mifupa akamwambia mfupa umekatika vipande viwili na kidogo, plasta haitashika, inatakiwa chuma ndani na skrubu za kukibana. Chuma hospitali haina. Ndugu waende duka la mbele ya geti wakanunue, wakishakileta mgonjwa ataingizwa chumba cha upasuaji.

Mdogo wake wa kiume akaenda. Alirudi na kiboksi cha karatasi ngumu, kona moja imegugunwa na panya, ndani yake chuma kirefu chembamba, cheupe, kinang'aa hata unaweza kujitazama meno. Fundi akakishika akakigeuzageuza. Yeye kitambaa cha mteja kikiingia mikononi mwake hukitia alama ya uzi pembeni, kila mteja na rangi yake, ili cha huyu kisije kikaenda kwa yule. Watu humsema kwa tabia hiyo, wanasema akizaa mapacha atawatia uzi. Basi akachomoa sindano aliyokuwa ameichomeka kwenye kilemba, akapitisha uzi mwekundu kwenye tundu la mwisho la kile chuma, akafunga fundo lake la kukunja mara mbili ambalo hakuna mwingine anayelifunga.

Muuguzi akacheka. "Mama, tunakwenda kukichemsha hiki. Uzi utatoka."

"Ukitoka utakuwa umetoka. Mimi nimeshatia alama."

Wakamwingiza ndani, wakamlaza, wakamtoa. Jioni alipozinduka, paja limefungwa bandeji mpaka kiunoni, akamwona mwanamume aliyevaa suti amekaa sakafuni miguuni pa kitanda.

Wodi ile haikushangaa. Vitanda vingi vilikuwa na watu wao. Yule wa dirishani, aliyetobolewa mguu kwa vyuma vya nje ambavyo wodini wanaviita antena, alikuwa na wawili, nao hawasemezani. Mfagiaji alipofika na fagio lake aliwaambia wote wainue miguu, wenye uhai na wasio nao, na asiyeweza kuinua alimfagia kwa pembeni.

"Dada, samahani," yule wa suti akasema. "Nakuona una maumivu. Lakini hicho walichokutia ni changu."

Fundi akamjibu kwamba chake ni kipya, kimetoka dukani jana, na kina uzi mwekundu.

"Na changu kilikuwa kipya," yule akasema. "Mama yangu alikileta kwenye kiboksi. Kona imeliwa na panya."

 Fundi hakuuliza tena, maana mtu akikutajia kona ya boksi lako huna la kuuliza.

Yule ndiye Nyundo. Alikuwa mvunja mawe machimboni, jiwe likamrudia pajani. Wakamtia chuma, akaanza kupata nafuu, halafu homa ikaingia kidondani ikamchukua. Kabla hawajamkabidhi kwa mama yake walimfungua wakatoa chuma na skrubu zote, wakamshona kwa mishono mirefu ya kushonea gunia. Mama yake alipompapasa mwanawe paja akaliona limelegea, akauliza. Wakamwambia maiti wote hulegea. Akaamini, au alijifanya kuamini, maana gari la kuazima lilikuwa linangoja nje.

Sasa taabu ikawa huku. Waliokufa naye majira yale wote walishatangulia. Njia yenyewe, Nyundo alieleza, si mbaya, ila ina mlima, na mlima haupandwi kwa makalio. Alijaribu. Anafika katikati, paja linajikunja pasipo na goti, anaporomoka mpaka chini.

"Ningekichomoa leo nikakupa," fundi alimwambia, "lakini mfupa wangu haujashika. Nami cherehani yangu ni ya miguu. Nisipokanyaga, sili."

"Siwezi kukuomba hivyo. Mpaka uunge."

"Ukiunga tu, nakurudishia. Mdomo wangu huu."

Hayo ndiyo yaliyokuwa makubaliano yao. Alipotolewa wodini kwenda nyumbani kwa magongo, Nyundo akamfuata nyuma.

Mtaani walisema kidogo, kama watu wa mtaani wanavyosema. Mjane, na mwanamume anaingia kila jioni. Wifi yake fundi alitumwa kuja kuchungulia. Akamkuta Nyundo kizingitini, akamtazama suti, akamtazama ule mguu.

"Kumbe marehemu," akasema. "Mimi nilidhani mume wa mtu." Akakaa akanywa chai.

Mgeni akizidi siku hupewa jembe. Nyundo alipewa vifungo. Alivitenga kwa ukubwa na matundu yake, vya mashati huku, vya makoti kule, kwa vidole vile vizito vya kushika nyundo, na hakikumdondoka hata kimoja. Fundi naye akampunguzia ile suruali ya shemeji kiunoni, akaitia alama ya uzi wa kijivu kwanza, kama ya mteja yeyote. Wakazoeana. Ikawa Nyundo akifika haulizi tena kuhusu mfupa peke yake. Akisema "umeunga?" fundi humjibu mara nyingine kwamba mfupa bado, ila yeye mwenyewe ameunga, maana undugu nao huungwa, na sasa asipomwona jioni chakula hakishuki.

Jioni moja ikaja hodi mlangoni. Bibi mmoja mfupi, amejiegemeza kwenye fagio la makuti kama mkongojo, amesimama nje anamwita Nyundo kwa jina la kuzaliwa nalo. Nyundo akainamisha kichwa kwenye kopo la vifungo.

"Umekipata?" bibi akamuuliza.

"Bado, bibi. Dada bado hajaunga."

"Haya. Ukikipata unajua pa kukileta."

Bibi alikuwa muuza mifagio, naye marehemu. Chuma kilikuwa chake kabla hakijawa cha Nyundo. Kwao walileta kiboksi pia, kona imeliwa. Alimwendea Nyundo wodini kama Nyundo alivyomwendea fundi, wakapatana vile vile, akamwambia asiharakishe, mjukuu wangu, unga kwanza. Nyundo badala ya kuunga akafa.

"Sasa kwa nini hukuniambia?" fundi aliuliza bibi alipoondoka.

Nyundo alifikiri. "Ningekiri kwamba si changu, ungenirudishia?"

Fundi akakanyaga pedali kwa mguu mzima, akashona mstari mrefu. Mwishowe akasema kwamba angemrudishia, kwa sababu aliahidi yeye na si bibi, na huko mbele wao wawili watapatana wenyewe, pengine wapande mlima kwa zamu.

Mvua zilikuja zikaisha. Magongo yakawa gongo, gongo likawa ukuta wa kushikilia. Siku fundi alipopigwa picha na daktari akaiinua kwenye mwanga, ufa haukuwapo. Mahali ulipokuwa pamevimba kidogo, kama mshono uliorudiwa mara mbili kwa usalama.

"Umeunga," daktari akasema. "Nenda zako, mama. Chuma kikae humo humo, hakidai chakula."

Fundi akasema anataka kitolewe. Daktari akamtazama, na hakubishana hata kidogo. Wengine huzungushwa miezi kupata nafasi ya kupasuliwa. Fundi akapewa papo hapo kitanda cha kesho yake. Jioni Nyundo akapewa habari. Alinyoosha suruali yake iliyopunguzwa, akajaribu kukunja ule mguu uweze kukaa vizuri, akaanza kukusanya vifungo akavirudisha kopoini vyote pamoja, vidogo na vikubwa, kazi yake yote ikaharibika na wala hakuona.

Wakaenda pamoja. Bibi muuza mifagio akawangoja kwenye korido.

Fundi alipozinduka kitu cha kwanza alichofanya ni kunyoosha mkono na kufungua kiganja. Muuguzi akadhani anataka maji.

"Nipe chuma."

"Kiko kwenye sufuria, mama. Kimeshachemka." Na kwa kweli muuguzi alikuwa anasukuma toroli, na juu ya toroli sufuria imefunikwa kitambaa cha kijani, mvuke unatoka pembeni. Mlangoni mwa chumba cha upasuaji alikuwa amelazwa mwanamke muuza mkaa, kucha bado nyeusi, mguu umefungwa kwa mbao mbili.

Fundi akamwambia kwamba kile chuma si cha hospitali, kina mwenyewe, na mwenyewe ni yule pale sakafuni, amekingoja muda wote huo.

Muuguzi akamtazama Nyundo. Hakuwa mtu mbaya. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Namjua," akasema. "Na bibi namjua. Kila chuma humu kina wenyewe, mama. Tukianza kuwarudishia, huyu nimtie nini mguuni?"

"Mtieni kile atakacholetewa na ndugu zake."

Muuguzi akashika tena mpini wa toroli. Halafu akainama. "Kaka, vuta mguu, toroli lipite."

Nyundo akauvuta kwa mikono yote miwili. Toroli likapita. Bibi akavuta fagio lake. Mlango ukafungwa, na yule mwanamke akabaki nje akingoja boksi lake.

Walipomruhusu kutoka saa chache baadaye, maana kitanda kilihitajika, fundi alipita kwenye duka la mbele ya geti. Dirishani, kati ya magongo na mabeseni ya kujisaidia kitandani, kilikaa kiboksi kona imegugunwa na panya. Kilikuwa wazi. Ndani yake chuma cheupe kinachong'aa, na kwenye tundu la mwisho uzi mwekundu, fundo la kukunja mara mbili. Hakikuwahi kuchemshwa hata siku moja.

Mwanamume mmoja alikuwa anakinunua, mikono yake nayo nyeusi kwa mkaa.

"Hicho kina uzi wangu," fundi akamwambia.

"Nimeuona."

"Hawatamtia hicho. Kitarudi hapa kabla hamjafika nyumbani. Sasa hivi wameshamchemshia kingine."

Mwenye duka alikuwa anafuta kioo kwa kitambaa. Aliendelea kufuta.

"Najua, dada," yule mwanamume akasema taratibu, kama mtu anayemfariji mwingine. "Hata kaka yangu alinunua hiki hiki, hiyo kona ilikuwa bado nzima. Lakini nisipofika pale na boksi mkononi, mlango hawaufungui. Mgonjwa wangu ananingoja pale kwenye mbao."

 Fundi aliomba akishike tu kidogo. Uzi ulikuwa umelegea kwa kutiwa na kutolewa, na ncha moja imeanza kuchakaa. Akalainisha ncha kwa mate, akalikaza fundo, akakata kwa meno kilichozidi, kwa sababu kazi yake haipendi kuiona imelegea. Akamrudishia. Mwanamume akashukuru, akavuka barabara mbio.

Siku hizi fundi anakanyaga cherehani kwa miguu miwili. Mwenye kovu usidhani kapoa, lakini anakanyaga. Vifungo bado vimechanganyika kopoini, hajavitenga. Jua likigusa paa la jirani, yule mwanamke muuza mkaa hupita barabarani kwa magongo akienda kwao, mwembamba, anapumzika kila hatua chache, na nyuma yake Nyundo anajivuta kwa makalio, na nyuma ya Nyundo bibi na fagio lake. Suruali imeanza kuchanika matakoni. Fundi alishamwambia ailete.

"Ameunga?" huuliza kutoka dirishani.

"Bado, dada," Nyundo hujibu. "Mifupa yake haina nguvu. Anakohoa pia."

"Haya."

Huwatazama mpaka wapinde kona, maana ni watu wake. Kisha hutunga uzi, huinamia sketi ya mtoto wa watu, na kumalizia pindo kabla giza halijaingia.