Mama Usukani na Kapu la Simu

Siku ya kwanza ya mafunzo ya viongozi wa mashirika, Mwezeshaji alipitisha kapu kwa utulivu wa mtu anayekusanya sadaka, na wakurugenzi wote wakatumbukiza simu zao humo. Alieleza kwamba kiongozi asiyeweza kukaa wiki bila kutafutwa na ofisi yake hana mpango mkakati, ana karatasi ya kufungia misumari. Simu ikilia, ataipokea yeye, kwa spika, mbele ya darasa. Shirika litakalomaliza wiki bila kumpigia mkurugenzi wake litapata nafasi katika awamu ya pili.

Mama Usukani aliitaka nafasi hiyo kwa roho yake yote. Ndiye aliyeasisi karakana ya viti vya magurudumu, na ameiongoza tangu mumewe alipokuwa na nywele. Jina hilo alipewa na mafundi kwa sababu haikazwi nati bila yeye kuinama kuitazama.

Kabla ya chai, kapu lililia.

"Mama, ufunguo wa choo uko wapi?" sauti iliuliza darasa zima.

"Kwenye mkoba wangu," alijibu mkurugenzi wa chama cha wakunga, macho sakafuni.

Baada ya chai ikawa zamu ya mkurugenzi wa maktaba. Mvua ilikuwa inavinyeshea vitabu, na wafanyakazi wake walitaka kujua kama wafunge dirisha au wangoje idhini.

Mama Usukani alicheka mpaka akafuta machozi. Kesho yake alicheka kidogo. Siku iliyofuata hakucheka kabisa, maana simu yake ilikuwa kimya kama jiwe.

"Umehakikisha ina chaji?" alimwuliza Mwezeshaji.

"Imejaa, mama. Hongera."

Hongera hiyo ilimchoma. Karakana yote ile, na Shemeji, mdogo wa mumewe, ambaye yeye mwenyewe alimwachia ofisi aikaimu, kwa shingo upande, hawakuwa na hata swali dogo la heshima? Labda wamekufa. Hilo angeweza kuwasamehe.

Wenzake walipokwenda kula, alinyemelea mapokezi, akaomba simu ya mezani, akabana pua.

"Kiti cha mwanangu kimevunjika gurudumu," alisema kwa sauti ya bata mwenye huzuni. "Naomba kusema na mkurugenzi."

"Yuko masomoni, mama," alijibu Shemeji. "Kilete tu, gurudumu tutalifunga leo leo."

"Bila yeye kulikagua?"

"Fundi atalikagua."

"Lakini mnamkosa sana, bila shaka."

Shemeji alifikiri. "Tunamwombea masomo yawe marefu. Mtu kama yeye anahitaji kupumzika. Na sisi tumepata pa kunywea chai, tangu tuondoe mafaili kwenye meza yake."

"Rudisha mafaili yangu, wewe!" Pua iliachiwa, bata akatoweka. "Nani kakwambia ile ni meza ya chai?"



"Shemeji," aliuliza mdogo wa mumewe kwa upole, "mafua yamepona?"

Mama Usukani alipogeuka, Mwezeshaji alikuwa nyuma yake na sahani ya wali, amesimama kwa subira.

"Hawakunipigia," alijitetea Mama Usukani. "Mimi ndiye niliyewapigia."

"Nimesikia."

Siku ya kufunga mafunzo, Mwezeshaji alitangaza uamuzi kwa uso wa hakimu. Karakana ya viti vya magurudumu imefaulu, peke yake. Mkurugenzi wake amefeli, peke yake pia, maana wenzake waliangushwa na ofisi zao. Kwa hiyo awamu ya pili atahudhuria kaimu wake.

Mama Usukani alipiga makofi pamoja na wengine, polepole, kama anayeua mbu.

Shemeji alipoondoka na begi lake kwenda awamu ya pili, Mama Usukani alirudi kwenye meza yake na mafaili yake. Mafundi walifunga magurudumu bila kumwita. Alikwenda kuinamia nati moja, akaikuta imekaza, akarudi kukaa. Siku ya tatu simu ya ofisi ililia.

"Halo," ilisema sauti nyembamba, ya bibi kizee mwenye kitu kinywani. "Kiti cha mjukuu wangu kimelegea. Kaimu mkurugenzi yupo?"

Mama Usukani aliegemea kiti, akavuta kikombe chake cha chai juu ya mafaili.

"Yuko masomoni, bibi," alisema. "Kilete tu. Hata hatujui alikuwa anafanya nini hapa."