Nahodha Aliyeanuliwa Pamoja na Dagaa

Angelina wa Bangwe alikuwa hodari wa kuanza. Hilo hakuna aliyemnyima. Alianza kushona, na cherehani ipo hadi leo, imefunikwa shuka na juu yake imewekwa televisheni. Alianza kufuga kuku wa kisasa, akajenga banda upande mmoja. Alianza kumfumia sweta mjomba wake Elikana, likaishia kwenye mkono wa kwanza, na mjomba, Mungu amrehemu, akaondoka duniani bila kulivaa. Mama yake, Klementina, hakuwa msemaji sana juu ya mambo hayo. Alikuwa akipita karibu na cherehani anaguna tu, na mguno ule ulimchoma binti yake kuliko matusi.

Sasa mtu wa namna hiyo, mwenye miaka thelathini na nne na kazi ya kuuza katika duka la vifaa vya shule pale Mwanga, Kigoma, akaangukia mchezo wa kupaka rangi vijisanamu. Si vinyago vya kuuzia watalii. Hivi ni vya plastiki, urefu wake haupiti kidole gumba: askari wa sayari za mbali, mazimwi yenye bunduki, wachawi wenye ndevu hadi magotini. Alikutana na wenzake kwenye kundi la simu, watu wa Dar, wa Arusha, wa Nairobi, na mmoja aliyekuwa Bukavu. Kiongozi wao alikuwa Martini wa Morogoro, mwenye mashine ya kuchapisha vijisanamu, na alikuwa akivituma kwa basi kama mtu anayetuma nyanya. Kila baada ya muda Martini alitangaza changamoto: paka kikosi kizima, askari watano, picha zifike kabla ya saa kumi na mbili jioni ya Jumamosi fulani. Aliyemaliza hupigiwa makofi. Asiyemaliza hatozwi kitu, ila hubandikiwa picha ya konokono mbele ya jina lake.

Angelina alikuwa na konokono watatu.

Alicheka na wenzake kila alipobandikiwa, maana angefanyaje, lakini moyoni aliumia. Safari hii aliapa. Hakuwa anatafuta zawadi, na zawadi yenyewe haikuwepo. Alitaka tu, walau mara moja kabla hajafa, amalize kitu. Na hakumwambia mtu yeyote Kigoma nzima, kwa sababu mwanamke mzima anayewapaka rangi wanasesere hana pa kuficha uso. Mama yake pekee ndiye aliyejua kuna "vidude" kwenye kopo la maziwa, na hakuwahi kuuliza ni vidude gani.

Kazi ya namna hiyo huanza na andakoti, yaani rangi ya chini, la sivyo rangi ya juu haishiki. Angelina alikuwa na kopo la rangi ya kupuliza, ile ya fedha ambayo vijana wa bajaji hupakia rimu zao, kwa kuwa ndiyo aliyoipata madukani. Jumanne, siku yake ya mapumziko, aliwapulizia askari wake watano nyuma ya nyumba wakang'aa wote. Ndani hawakuweza kukaa. Harufu ingemtoa Klementina mbio. Lakini nje kulikuwa na chanja, zile meza ndefu za miti na nyavu ambazo mama yake huanikia dagaa, ziko juu, zina jua, zina upepo wa ziwa. Akawapanga pembeni mwa chanja la mwisho, vichwa upande mmoja, akaingia ndani kutafuta chai.

Hajamaliza kikombe, wingu likatoka upande wa Kongo.

Pale Bangwe, wingu likishatokeza, hakuna anayeuliza dagaa ni wa nani. Wenye nyumba, wapita njia, hata mtu aliyekuja kudai chake, wote huenda kwenye chanja kuanua, kwa sababu dagaa aliyenyeshewa ni hasara ya mtaa mzima. Angelina alizaliwa katika kazi hiyo. Alitupa kikombe, akakimbia, akaanua kwa mikono miwili, anakomba na kumwaga guniani, anakomba na kumwaga, chanja la kwanza, la pili, hadi la mwisho na pembe zake zote. Matone ya kwanza yalipoanguka, nyavu zilikuwa tupu. Akasimama mlangoni na majirani kuitazama mvua, na kifua kimejaa fahari. Hakuna dagaa hata mmoja aliyelowa.

Askari wake walimjia akilini jioni, na alipokwenda kuwachukua akakuta chanja tupu. Alisimama pale akiitazama mikono yake kwa chuki.

Klementina alipotoka kuswaki alimkuta binti yake amemwaga gunia zima juu ya turubai, amepiga magoti, anapekua.

"Unafanya nini weye?"

"Nachambua dagaa, mama."

Klementina akamgusa paji la uso kuona kama ana homa. Halafu akamwacha, kwa sababu msaada ni msaada. Na Angelina akapekua, mmoja mmoja, kwa mwanga wa simu, rangi ya fedha ndani ya rangi ya fedha, mpaka akawapata wanne. Aliyekosekana ni nahodha, mkubwa wao, mwenye pembe mbili, joho refu na fuvu kifuani, ambaye bila yeye wale wengine ni vibarua tu.

"Kuna mtu alinunua leo?" akauliza, sauti ameilegeza makusudi.

"Mama Skola tu. Alichukua ndoo moja mvua ilipokatika."

Basi hapo ndipo palikuwa na taabu. Mama Skola, yaani Skolastika, alikuwa mama lishe wa soko la Mwanga, na banda lake lilitazamana na duka alilofanyia kazi Angelina. Kulikuwa na hatua chache tu za kuvuka barabara na kusema, shikamoo, samahani, kuna sanamu yangu yenye pembe ndani ya dagaa wako. Angelina alizivuka hatua hizo kila siku, na kila siku maneno yalimkwama. Aliishia kuagiza chakula. Jumatano alikula ugali wa muhogo na dagaa wa mawese, Alhamisi akala tena, Ijumaa tena, anatafuna taratibu huku akipima kila kitu kwa ulimi. Mama Skola alimsifu mbele ya wateja kwamba huyu binti ameachana na chipsi, sasa anakula vya nyumbani.

Nyakati za usiku wale wanne wakapata rangi zao. Walipendeza. Lakini kikosi ni watano.

Jumamosi asubuhi, siku ya mwisho ya changamoto, simu ya Klementina ikalia.

"Skolastika anasema dagaa wangu wana jini," alisema alipokata. "Amelikuta kwenye ungo akichambua. Amezima moto, hapiki, na soko zima limejaa pale." Akaifunga upya khanga kiunoni. "Boti zimeingia, siwezi kuacha mzigo mbichi. Nenda kamsikilize, nami nakuja nikimaliza kuanika. Jina langu linachafuka hivi hivi."

Angelina alibeba mkoba wake. Ndani yake, ukiacha pochi na mwavuli, aliweka kopo la maziwa lenye wale wanne, rangi zake na brashi. Hakujua kwa nini anabeba vyote. Mtu akiwa na tumaini hubeba vitu.

Alikuta umati. Katikati ya banda, juu ya meza, sufuria imefunikwa kifudifudi, juu ya sufuria jiwe, juu ya jiwe rozari. Mama Skola alikuwa ameketi mbali nayo, mikono kifuani. Kando yake alisimama Nikodemu, fundi cherehani wa kibaraza cha jirani, ambaye siku hiyo alikuwa amejiteua msemaji.

"Shikamoo, Mama Skola."

"Marahaba, mwanangu. Umetumwa na mama yako? Afadhali. Njoo uone mlichoniuzia."

Nikodemu aliinua sufuria kwa ufito. Nahodha alikuwa amesimama pale, anang'aa, pembe juu, fuvu kifuani, bila dalili ya kujuta. Watu wakarudi nyuma hatua moja.

"Unamjua huyu?" aliuliza Mama Skola.

Angelina alitazama nyuso. Alikuwepo mwenye duka lake, amelifunga aje kuona. Walikuwepo wazazi aliowauzia madaftari mwezi uliopita.

"Hapana," alisema.

"Basi aende motoni." Mama Skola alimgeukia msichana wake wa jikoni. "Washa mkaa."

Mkaa ukawashwa, ukapepewa. Angelina alijiambia kwamba ni plastiki tu, Martini atachapisha mwingine, na changamoto nyingine zitakuja. Alijiambia yote aliyokuwa amejiambia siku za cherehani na za kuku. Maneno yalikuwa yale yale, hata mpangilio wake, na kwa mara ya kwanza akayasikia na kuyachoka. Nikodemu alikuwa tayari ameshamshika nahodha kwa koleo.

"Subirini," alisema Angelina. "Ni wangu."

Koleo likasimama hewani.

"Wako kivipi?" aliuliza Mama Skola.

"Ni mwanasesere. Nawapaka rangi, ni mchezo wangu. Nilimwanika kwenye chanja, mvua ikaja, nikamwanua pamoja na dagaa. Mama hana kosa."

"Wewe, mtu mzima?"

"Mimi, mtu mzima."

Mtu mmoja alicheka, wa pili akafuata, lakini Nikodemu hakucheka. Alisema mtu anaweza kujitwisha jini ili kumwokoa mama yake, mambo hayo yapo. Ndipo Angelina akafungua kopo la maziwa, akawapanga wale wanne mezani, na sare zao za buluu na buti za zambarau. Umati uliokuwa umerudi nyuma ukasogea, na baada ya kitambo ukasogea sana.

"Basi mpake na huyu, tuone," alisema Nikodemu. "Jini hakubali kupakwa rangi." Alisema kama mtu aliyewahi kujaribu.

Angelina akavuta ndoo, akaigeuza, akakaa. Alianza na buti. Mwanzoni aliyahisi macho yale yote mgongoni, halafu kazi ikamchukua. Ilipofika sare watu walikuwa wameshaanza kumfundisha. Mmoja alitaka mkanda uwe mwekundu, mwingine akasema mwekundu ni wa siasa. Joho lilileta ugomvi wa kweli, kila mtu na lake, hadi Mama Skola akainuka, akatandaza pindo la kitenge chake mezani, cha manjano chenye madoa meusi, akasema kama nahodha huyu amekaa siku nne kwenye dagaa wake basi atavaa nguo ya nyumba hiyo. Nikodemu alisimamia namna mshono unavyochorwa. Chungu kikainjikwa. Wateja walikula wamesimama ili wasipitwe.

Jua lilikuwa limeshuka Angelina alipoweka brashi chini na kuchukua simu apige picha. Shingo ilimuuma, macho yalimwasha. Hapo ndipo umati ulipotulia na kufunguka katikati, na Klementina akapita, mikono bado ina magamba.

Mama Skola alimweleza yote, kwa kirefu, pamoja na yale ambayo hakuyaona. Angelina alitazama ndoo aliyokalia akingoja mguno. Mama yake alimchukua nahodha kwa kitako, akamwinua kwenye mwanga, akamzungusha polepole.

"Jicho moja bado," alisema.

Ilikuwa kweli. Jicho la kushoto lilikuwa doa la fedha tupu. Angelina alilijua, na alikuwa amepanga kumpiga nahodha picha ya ubavu.

"Kwenye picha halitaonekana, mama. Na muda unakwisha, na wewe una mzigo."

"Mzigo yuko nao jirani yetu Merina." Klementina akaburuta gunia la muhogo, akakaa juu yake, akanyoosha miguu. Mwanamke huyu hakuwahi kukaa chini mchana tangu binti yake apate akili. "Mimi sina haraka. Maliza."

Angelina alitoa brashi ya wanja, ndogo kuliko zote, akachovya nyeupe. Mkono ukakataa kutulia. Mama yake aliweka kiganja chake chini ya kifundo cha mkono ule, kizito, kinanuka samaki, na mkono ukapata pa kuegemea. Nukta nyeupe. Kisha nukta nyeusi ndani ya nyeupe. Nahodha akatazama.

Picha ilikwenda Morogoro zikiwa zimebaki dakika chache. Simu ikaanza kutetemeka kwa makofi ya Dar na Nairobi na Bukavu, Angelina akaizima na kuitia mkobani, kwa kuwa machozi yalikuwa yanamtoka na hakutaka kuyakosa. Alikuwa amemaliza. Alilisema neno hilo kwa sauti ndogo kuona lina ladha gani.

Klementina aliagana na Mama Skola, akapata oda ya ndoo mbili za dagaa, akakataa katakata nahodha kurudishwa kwenye kopo wakati jicho ni bichi. Ndani ya bajaji alimweka juu ya kiganja chake kilichofunguka, mkono wa pili ukikinga upepo, akawa anampuliza jicho taratibu ili rangi ishike. Walipofika Bangwe bado alikuwa anampuliza, ingawa lilikuwa limekauka tangu Mwanga.