Mlango wa Fundi

Mume wangu alikuwa fundi wa kuchomelea. Mjini alitengeneza milango ya chuma kwa miaka kumi na minane, na hakuna mteja aliyewahi kurudi kulalamika. Karakana yake ilipobomolewa kupisha barabara, tulihamia kijijini kwa mama yake pamoja na binti yetu. Tulibeba magodoro mawili, cherehani moja na mlango wa nyumba tuliyopanga. Alikuwa ameutengeneza mwenyewe baada ya kuibiwa mara tatu, na alikataa katakata kumwachia mwenye nyumba.

Mlango wa mama mkwe ulikuwa wa mbao na ulifungwa kwa kamba. Siku ya tatu mume wangu aliung'oa, akasimika wake, kisha akatia nondo dirishani.

"Unanilinda na nani, mwanangu?" mama aliuliza. "Anayetaka kuniiba na aje. Atanirudisha kabla ya chakula cha mchana."

"Wezi hawana ratiba, mama."

Jirani yetu, ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Redio kwa sababu habari haikulala kwake, alikuja kuugonga mlango kwa kidole. "Wifi, humo ndani mnafuga simba?"

Alikuwa amezoea kuingia kwa mama hodi ikiwa bado mdomoni. Sasa alilazimika kusimama nje mpaka nivute makomeo matatu.

Sikuona ubaya. Mama alikuwa na presha na miguu yake ilikuwa dhaifu. Niliogopa asije akatoka akaanguka. Kwa hiyo tulipokwenda shambani sote watatu nilimfungia kwa nje. Kufuli lilikaa ndani ya kisanduku cha chuma alichobuni mume wangu, ili mtaimbo usipate pa kushika. Ufunguo niliufunga kwenye pindo la kanga.

"Nendeni," mama alisema kila asubuhi. "Simba nipo."

Alhamisi moja tulikuwa tukipalilia ng'ambo ya mto. Mama Redio alisikia kishindo ndani ya nyumba. Aliita, mama alimjibu kwa sauti ndogo. Alimtuma mtu mbio kutufuata, kisha akaita wanaume. Walikuja na shoka na mtaimbo. Mlango haukutikisika. Walipoona hivyo, walianza kubomoa ukuta.

Tulipofika, walikuwa wametoa matofali manne. Mama Redio alikuwa amepiga magoti penye dirisha, mkono wake umepita kati ya nondo hadi begani. Mama alikuwa amejikokota mpaka pale.

"Fungua, wifi," Mama Redio alisema bila kugeuka. "Bado ananishika."

Fundo la kanga lilinishinda. Mume wangu alilikata kwa meno. Tulipoingia, Mama Redio alikuwa angali ameushika mkono wa mama, lakini mkono wa mama haukuwa umemshika tena.

Hakuna aliyetulaumu. Baada ya maziko, mmoja wa wale wanaume alimshika mume wangu bega. "Kazi yako ni imara, fundi," alisema, kwa nia njema kabisa. Mume wangu aliondoka.

Kijijini hakukuwa na umeme wa kuendeshea mashine ya kukatia chuma. Alikata bawaba na nondo kwa msumeno wa mkono, siku tatu, mpaka viganja vikachubuka.

"Ni mlango wangu," alisema siku ya pili.

"Ni mimi niliyefunga."

Aliendelea kukata.

Asubuhi ya siku ya nne Mama Redio alituletea maziwa. Pale mlangoni palikuwa na uwazi mtupu. Aliweza kutuona wote watatu tumeketi chini.

"Hodi," alisema.

"Karibu, wifi. Pita."

Hakupita. Alisimama nje na bakuli lake mikononi, akingoja nimfungulie.