Chaki ya Merv

Miaka nenda miaka rudi, Merv peke yake ndiye aliyeandika kwenye ubao wa baa ya mji mdogo wa Wirrabilla majina ya farasi aliowatabiria ushindi, na chaki hakumwachia mtu. Jumamosi moja shemeji yake, Dulcie, alimpa sharti mbele ya watu: farasi atakayechaguliwa na Dulcie akishinda mbio za mwisho, chaki inahamia kwake.

Farasi walipozungushwa kabla ya mbio, Merv alikagua vifua na miguu. Dulcie alitazama mikia. Mara Vumbi Jekundu, jike mkondefu ambaye hakuna aliyemtaja, akainua mkia na kumwaga mavi chungu nzima.

"Huyo ndiye wangu," Dulcie akasema.

"Shemeji, unachagua farasi kwa mavi?"

"Mwenye mzigo tumboni hakimbii. Wewe mwenyewe ukishakula pai zako mbili, hata chooni hufiki."

Malango yakafunguka, vumbi likatimka, na yule jike akawaacha wenzake kama waliofungwa kamba. Merv alivua kofia, akatoa chaki mfukoni, akamkabidhi shemejiye.

Jioni ile ubao wa baa ulisomeka kwa herufi kubwa: "Jumamosi ijayo, tazameni mikia."