Nthiga wa Wimbo

Mama Jedidah alipouliza binti yake anaimba nyimbo gani huko hotelini Embu, Kathure alijibu, "Za polepole." Hakusema uongo. Lakini Mama Jedidah, aliyeimba katika kwaya ya kina mama wa Nkubu tangu kabla Kathure hajazaliwa, alijua nyimbo za polepole za aina moja tu, nazo ni za tenzi. Akawaambia wenzake kanisani kwamba binti yake anahubiri kwa nyimbo kila Jumamosi mchana, tena mahali ambapo watu wanakula nyama. Kina mama waliguswa sana. Wakakodi gari waende kumtia moyo, bila kumwambia.

Siku za wiki Kathure alipima watu macho na kuuza miwani katika duka moja mjini Embu. Jioni alirudi kwake mtaa wa Dallas, hapo hapo mjini, akasikiliza jazz huku akipika. Alijifunza kuiimba peke yake, kwa sikio. Kwaya ilikuwa imemshinda zamani. Kiongozi alipohesabu moja, mbili, tatu, nne, wenzake waliingia. Kathure aliingia nyuma yao kidogo, pale alipohisi noti imeiva. Kwenye kwaya hilo ni kosa. Lakini alipokutana na Njeru wa kinanda na Muriithi wa gitaa la besi, walimwambia hilo ndilo walilokuwa wakilitafuta.

"Sauti yako inachelewa kama mgeni wa heshima," Njeru alimwambia. "Tunajua itafika, kwa hivyo hatuna wasiwasi."

Jumamosi hiyo bustani ya hoteli ilikuwa imejaa. Kathure alikuwa ndiyo kwanza ameshika maikrofoni alipoona vitambaa vyeupe vya kichwa vikiingia langoni, kimoja baada ya kingine.

"Ni nani hao?" Muriithi alinong'ona.

"Mama yangu."

"Wote?"

Kina mama waliunganisha meza, wakaagiza chai, wakaketi wote wakimtazama Kathure kama vile ibada inaanza. Na kwa kweli ilianza. Mama Jedidah alisimama akasema kwa sauti iliyozoea kufika viti vya nyuma, "Watu wa Mungu, kabla binti yangu hajaimba, tufumbe macho." Bustani nzima ilifumba macho. Waliokuwa na bia walizishusha taratibu chini ya meza.

Baada ya amina, Kathure aliimba wimbo wa kwanza kwa woga. Aliingia pale pale panapohesabiwa, akatoka pale pale, hakuvuta wala kupinda kitu. Watu walirudi kutafuna. Kina mama walipiga makofi ya adabu.

Njeru alimwinamia. "Leo unaimba kama mtu anayesoma matangazo ya kanisa. Kama tutafukuzwa, tufukuzwe kwa wimbo mzuri."

Basi Kathure akachagua wimbo aliotunga mwenyewe, wa mwanamke aliyeahidiwa na mpenzi wake kwamba atarudi mvua ikianza.

"Ulisema utakuja mvua ikianza," aliimba, "nami nimekaa, natazama mawingu." Neno la mwisho alilishikilia, akalishusha kidogo chini ya mahali lilipotarajiwa, akaliacha litetemeke hapo.

"Pole, mwanangu," alisema Mama Kananu, rafiki wa mama yake.

"Mawingu ni mengi, lakini hayashuki," Kathure aliendelea.

"Huyo mwache!" mama mwingine alidakia. "Achana naye kabisa!"

Kathure alishangaa. Wateja wengine wa hoteli walikuwa wakimsikiliza huku wakitazama simu. Hawa walikuwa wakimjibu. Joto likampanda kifuani, woga ukapungua. Wimbo huo ulikuwa na sehemu aliyoiacha wazi makusudi ili aimbe chochote kitakachomjia, na kila Jumamosi kilimjia kingine. Leo lilimjia jina. Hakumjua mtu yeyote mwenye jina hilo. Alilipenda tu kwa sababu linaanza puani, mtu anaweza kulivumisha kabla hajalifungua.

"Nnnthiga," aliimba. "Nthiga wa Siakago, mvua itaanza lini huko?"

Siakago aliiweka kwa kuwa huko mvua hujivuta kuja.

Kwenye meza iliyo karibu na ua, mwanaume mfupi mwenye kofia alisimamisha kipande cha nyama njiani kwenda mdomoni. Mke wake, mwanamke mpole aliyeitwa Winfred, aliweka uma chini.

"Nthiga," alisema. "Unaitwa."

Alisema taratibu, lakini kina mama wa kwaya wana masikio. Mama Jedidah alikuwa ameshafika kwenye meza hiyo kabla Kathure hajamaliza mstari.

"Wewe ndiye Nthiga?"

"Ndiyo, mama."

"Wa wapi?"

Mwanaume alirudisha nyama sahanini. "Siakago."

Kina mama wote wakainuka kwa pamoja.

Kathure angeweza kunyamaza. Lakini Njeru na Muriithi walikuwa wameshika mzunguko wa muziki na hawakuuachia, na mwimbaji wa jazz akianguka huinukia hapo hapo ndani ya wimbo. Akaimba haraka, "Si huyu, mama, si huyu! Nthiga wangu ni mrefu, kichwa kinagusa mlango!"

Nyuso zote ziligeuka jukwaani. Mtu mrefu kuliko wote katika bustani ile alikuwa Muriithi. Noti moja ya besi ilimponyoka.

"Mimi ni wa Runyenjes!" alipiga kelele. "Na nina mke!"

"Ana mke!" alisema Mama Kananu kwa uchungu. "Mnasikia?"

Kathure aliona hali ilivyo. Kila neno aliloimba lilikuwa linakamata mtu. Akayaacha maneno. Alifumba macho akaimba sauti tupu, ba-ri-du, ba-ri-du-wee, akipanda na kushuka, akimkimbiza Njeru kwenye kinanda kisha akimkimbia. Alianza hivyo ili kujiokoa. Baadaye akasahau alikuwa anajiokoa na nini. Hakuna mwanaume aliyewahi kumwahidi mvua. Lakini kungoja alikujua. Alikujua kila jioni alipopakua chakula cha sahani moja. Sasa kungoja huko kulikuwa kunatoka, bila jina la mtu yeyote juu yake, na kila aliyesikia aliweka la kwake.

Alipofumbua macho, kina mama walikuwa wamesimama pale pale, kimya. Winfred alikuwa anajifuta machozi.

Ni kimya hicho kilichomshinda Nthiga. Alisimama, akavua kofia, jasho likimtiririka.

"Mbuzi hakuliwa na fisi!" alisema.

Hakuna aliyeelewa isipokuwa mke wake.

"Mbuzi gani?" Winfred aliuliza, ingawa uso wake ulionyesha anamjua.

"Yule mweupe wako. Nilimpa kaka yangu Muchangi. Aliniomba, nikashindwa kukataa, nikashindwa kukwambia. Fisi hata hakuja siku hiyo."

"Nilimlilia mbuzi huyo, Nthiga."

"Najua."

"Na wewe ukanisaidia kulia!"

Kina mama walikuwa wamesafiri kutoka Nkubu kumtia mtu moyo, na sasa walikuwa wamempata. Walimketisha Winfred katikati yao, wakammiminia chai. Nthiga walimwamuru ampigie kaka yake simu hapo hapo, sauti ikiwa wazi ili wote wasikie. Muchangi alisema mbuzi yuko salama, tena amezaa mapacha.

"Warudi wote watatu," alisema Winfred.

Bustani ilipiga makofi. Meneja wa hoteli, aliyekuwa amekuja kuuliza ni fujo gani hizi, alipiga pia.

Bendi ilipopumzika, Mama Jedidah alimvuta binti yake kando.

"Huyo mwanaume wa wimbo, jina lake hasa ni nani?"

"Hayupo, Mama. Nimemtunga."

"Na ule mwisho usio na maneno, nao umeutunga?"

Kathure alifikiri. "Ule sijui. Umetoka tu."

Mama yake alimtazama kama mtu aliyevishwa miwani mipya. "Mbona hukuniambia kuna upweke hivyo huko Dallas?"

"Ningekuambiaje?"

"Hivyo ulivyoniambia leo." Mama Jedidah alirekebisha kitambaa chake cha kichwa. "Kwaya yetu bado haiwezi kukuchukua, usijidanganye. Unachelewa. Lakini Jumamosi ijayo nitakuja peke yangu, na nitalala kwako. Sasa nenda, hao vijana wanakungoja."