Mansa Musa wa Buna

Mimi ni mwalimu wa historia, tena mkali. Shurie, mwanafunzi wangu wa kike, aliponijia kuomba aigize Mansa Musa, mfalme wa Mali, katika mchezo wetu wa safari ya Makka, nilimkatalia kabla hajamaliza. Mansa Musa alikuwa mwanamume, na nafasi hiyo nilishampangia mvulana, Mowlid. Historia ni historia.

"Na Mowlid ni mtu ya Mali, mwalimu?" akaniuliza.

Gredi ya Nane nzima ikaangua kicheko. Taji la karatasi nikampa Mowlid, mwenye sauti nzito na mabega mapana. Shurie nikamweka miongoni mwa watu wa Kairo, wale wa kushangaa msafara ukipita na kunyamaza. Hakukosa mazoezi hata siku moja. Mowlid alipokuwa akisema maneno ya mfalme, niliona midomo ya Shurie ikiyafuata, neno kwa neno. Iliniuma kidogo, lakini mimi nikishasema nimesema.

Siku ya mashindano ya maigizo tulitoka Buna alfajiri hadi Wajir, na karibu na uwanja tukaazima ngamia wa kweli kwa mfugaji mmoja, Mzee Kerrow. Wazo langu hilo, mzaliwa wa Garissa mjini ninayemjua ngamia kwa maziwa yake tu. Magunia ya dhahabu, yaani mchanga, nikawaachia wavulana wayafunge.

Ngamia aliposimama uwanjani, dhahabu yote ya Mali ikaanguka chini. Gunia moja lilipasukia miguuni mwa majaji. Watu walicheka hadi wakashikana. Mowlid alisimama pale, taji limemfunika jicho. Nilitamani ardhi inimeze.

Ndipo Shurie akajitokeza kati ya watu wa Kairo. Wavulana wetu wanajua kuchunga, si kupakia. Familia ikihama, wanaoibomoa nyumba na kuifunga juu ya ngamia ni akina mama, na Shurie amehamahama na mama yake tangu anatambaa. Akamlaza ngamia kwa mlio mmoja wa kooni. Akatandika mikeka, akasawazisha magunia huku na huku, akakaza kamba kwa goti, huku akiimba wimbo wa kupakia. Akina mama waliokuja kutazama wakamwitikia kwa makofi na vigelegele. Ngamia akainuka, na mzigo haukutikisika.

Mowlid akavua taji. "Waryaa!" akawaita watumishi wake. "Mfalme hajui kufunga mzigo hawezi fika Makka. Mfalme ni huyu." Akamvika Shurie taji juu ya hijabu, kisha akapiga magoti.

Shurie akanitazama mimi kwanza. Nikaitikia kwa kichwa. Basi akayasema maneno yote ya mfalme, bila kukosa hata moja, kwa sauti ambayo sikujua kuwa anayo. Nililia kwa furaha mbele za watu, wala sikuona haya.

Baadaye jaji mmoja, viatu vyake bado vimejaa mchanga, akaniita pembeni.

"Mwalimu Fowsiya, kwani Mansa Musa alikuwa msichana?"

"Na yule mvulana wa kwanza," nikamuuliza, "ni mtu wa Mali?"