Farasi wa Ukweni

Kinyozi hakujijua kuwa mtu wa wivu. Kule kwenye duka lake watu walipanga foleni kwa ajili ya mdomo wake zaidi kuliko mkasi wake. Alikuwa na kisa kwa kila kichwa alichokishika. Ndiyo maana siku ile ukweni, alipokaa mezani tangu supu hadi matunda bila kupata hata upenyo wa kuchomeka neno, alianza kujiona kama kiti kilichozidi.

Walikuwa wamekuja shambani kwa sababu baba mkwe alikuwa ametoka kuugua na alitaka kuwaona watoto wake wote pamoja. Safari zote za nyuma kinyozi na mkewe walifika asubuhi na kuondoka jioni. Hakuwahi kuwakuta wote: shemeji yake mkubwa, aliyekuwa fundi umeme; shemeji yake mdogo wa kike, aliyekuwa mwalimu; na jirani mmoja waliyemwita Mrefu, aliyekulia humo humo mwao mpaka wageni wakadhani ni mtoto wa nyumbani.

Na wote, wakikutana, hawakuwa na hadithi nyingine ila farasi.

"Visigino, unakumbuka siku ya Radi?" fundi umeme alimuuliza dada yake.

Kinyozi aliacha kutafuna. "Visigino ni nani?"

"Si mkeo!" alisema mwalimu. "Alikuwa akikalia kitu chochote lazima akipige teke. Hata baba akimbeba mabegani, anampiga visigino vya mbavu."

Wote walicheka. Kinyozi naye alicheka, kwa meno tu. Miaka yote ya ndoa, amelala na mwanamke huyu, ameugua naye, amezaa naye, na jina hilo hakuwahi kulisikia.

Siku ya Radi ilikuwa hivi. Baba aliwatuma kwenye kinu cha kusaga unga na magunia ya mahindi, Radi akikokota gari. Radi alikuwa farasi jike mwekundu, mwepesi wa kushtuka. Kaka mtu alishika hatamu, wasichana wakakaa juu ya magunia, Mrefu akaning'inia nyuma. Walipofika karibu na daraja, upepo uling'oa bati kwenye paa la mtu likaanguka kwa kishindo, na Radi akatoka shoti. Kaka alitupwa mtaroni. Mdogo mtu alijifunika gunia, analia. Visigino, badala ya kulia, alitambaa juu ya mti wa gari mpaka akamfikia farasi, akamkalia mgongoni na kumkumbatia shingo. Gari likagonga daraja, likavunjika, mahindi yakamwagika mtoni, farasi na msichana wakapotelea bondeni.

"Na nani aliwafuata?" alisema Mrefu, akijipiga kifua. "Mimi! Kwa miguu! Nimewakuta jua linazama, Radi anakula majani, huyu anamwimbia."

"Tukarudi wote juu ya Radi," alisema mkewe, macho yakimeta. "Mimi mbele, Mrefu nyuma. Mama ametushikia fimbo mlangoni, lakini alipotuona akaitupa fimbo, akaenda kumbusu farasi."

"Farasi!" alisema mama mkwe. "Mavi ya kale hayanuki, lakini siku ile nilitaka kuwaua."

"Juu ya farasi mmoja?" kinyozi aliuliza. "Wote wawili?"

Meza ilipasuka kwa kicheko.

"Shemeji, hata meno ya mbele tulikuwa hatuna!" alisema Mrefu.

Kinyozi na mkewe walipokwenda kuosha vyombo, kinyozi alisugua sahani moja mpaka mkewe akamnyang'anya.

"Huyo Mrefu ameoa?"

"Kaoa, ana watoto wanne, mkewe kaenda kwao kumuuguza mama yake. Kwani vipi?"

"Nimeuliza tu."

Mkewe alimtazama, akaanza kutabasamu. "Mume wangu. Unamwonea wivu mtoto mwenye pengo?"

Kinyozi alijifuta mikono, akatoka, akaenda moja kwa moja kwa baba mkwe aliyekuwa akiota jua barazani, na kumwambia kwamba yeye naye angependa kupanda farasi.

Farasi aliyebaki aliitwa Sukari, mzee, mpole, mwenye tumbo kubwa. Mrefu alimfunga tandiko, akamsaidia kinyozi kuweka mguu kwenye kikuku, akashika kamba ili amwongoze.

"Achia," alisema kinyozi.

"Shemeji, mara ya kwanza ni vizuri mtu..."

"Nimesema achia."

Mrefu aliachia. Sukari alipiga hatua, akapiga nyingine. Dunia ilionekana pana kutoka huko juu. Kinyozi aliuona uso wa mkewe dirishani, akanyoosha mgongo na kuinua mkono kumpungia. Sukari naye alikuwa ameona kitu chake: kabichi za jirani mwingine, ng'ambo ya ua uliobomoka. Hakukimbia. Alikwenda kwa mwendo wa mtu anayeenda sokoni, akapita kwenye pengo la ua huku kinyozi akivuta hatamu na kumsihi kwa kila jina la heshima alilolijua, kisha akainamisha kichwa ale. Kinyozi aliteleza juu ya shingo ile polepole, kichwa mbele, akaishia katikati ya matuta.

Walikuja mbio wote. Walipoona hajaumia, mwalimu ndiye aliyeanza kucheka. Mkewe alicheka mpaka akakaa chini. Mrefu, kwa adabu, aligeuka upande mwingine, lakini mabega yalimtikisika.

Kinyozi aliinuka na kwenda mpaka nyuma ya banda. Mkewe alimfuata, bado akijifuta machozi, lakini alipomwona uso kicheko kilikatika.

"Pole. Nimecheka vibaya."

"Cheka tu."

"Ni Mrefu bado?"

"Ni yeye." Aliikung'uta suruali vumbi. "Na si yeye peke yake. Nawaonea wivu nyote, hata mdogo wako aliyelia ndani ya gunia. Mimi nimelelewa na shangazi, chumba cha nyuma ya duka la vyuma, sisi wawili. Shangazi hayupo tena. Nikikumbuka kitu cha utotoni, nakikumbuka peke yangu. Hakuna hata mtu wa kuniambia naongopa."

Mkewe alikuwa hajawahi kumsikia akisema hivyo, yeye mwenye visa vya kila kichwa. Alimtoa jani la kabichi kwenye kola.

"Hilo siwezi kukupa," alisema mwishowe. "Ningeweza, ningekupa."

"Najua."

"Twende tukanywe chai."

Barazani walimkuta mwenye kabichi amefika, mikono kiunoni, anataka kuelezwa. Mrefu alikuwa ameshaanza kumweleza.

"Basi shemeji yetu akapiga mayowe, akasema niokoeni..."

"Nani alipiga mayowe?" Kinyozi alisimama mlangoni. "Hebu ngoja. Usiharibu. Nisikilize mimi, mzee, mimi ndiye niliyekuwa juu." Akavuta kiti katikati, akakishika mgongo kama anamshika mteja. "Kwanza, huyu farasi si farasi. Huyu ni mwanasheria. Nimembembeleza, nimemwita mama, nimemwita mheshimiwa..."

"Uongo! Ulifumba macho!" alipiga kelele mkewe. "Nilikuona dirishani."

"Nilifumba moja. La pili nilikuachia wewe."

Mwenye kabichi alishusha mikono kutoka kiunoni. Baba mkwe alicheka mpaka akakohoa, mama mkwe akamkimbilia na maji. Mrefu alijaribu kuingiza neno, hakupata pa kupita, na kinyozi alimwona akijaribu, akafurahi kwa furaha ambayo asingeweza kuitetea mbele ya mtu. Kisha mkewe alimwinamia Mrefu kwa kicheko, akamshika bega, na moyoni kitu kikamchoma kinyozi tena, vilevile kama mwanzo.

Lakini kisa chake kilikuwa hakijafika kwenye kabichi. Akaendelea.